Chai za manukato za Ulaya hazinidanganyi, lakini majani tunayouza bila jina yananiuma

Niseme tu moja kwa moja, chai nyingi za ladha ladha zinazouzwa huku Ujerumani hazifikii chai ya iliki ya kibanda chochote pale Mwembe Tayari, Mombasa, na sisemi hivi kwa sababu ya kukumbuka nyumbani, nasema kwa sababu nazinunua na nazionja. Niko Leer, mji mdogo kaskazini magharibi mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Uholanzi, eneo lenyewe wanaliita Ostfriesland, na kama kuna pahali Ulaya watu wanakunywa chai kwa mapenzi basi ni hapa. Mtu mmoja kwa wastani anamaliza karibu lita 300 kwa mwaka, wakati Wajerumani wengine wengi mambo yao ni kahawa. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, na wazee wa hapa unaweza kuwachelewesha kila kitu lakini sio chai ya saa tano asubuhi, hiyo ina jina lake kabisa, Elführtje, alafu kuna ingine ya saa tisa mchana. Kwa hivo chai sikuijua kwa kusoma pakiti, naimimina kila siku.

Na chai yao ya asili naiheshimu sana, wacha niieleze vizuri kwa sababu wengi mkiskia chai ya Mzungu mnafikiria ile ya kamba iliyowekwa kwenye maji vuguvugu. Hapana. Kikombe ni kidogo, chembamba, cha kaure, kwanza unatia bonge la sukari nyeupe inayoitwa Kluntje, haisagwi, ni bonge zima, alafu unamimina chai ya moto na unaliskia lile bonge linapasuka. Kisha unachukua kijiko kidogo cha malai ya maziwa unaiteleza taratibu ukingoni mwa kikombe, inazama chini alafu inapanda juu kama wingu. Na hukorogi. Ukikoroga bibi mmoja pale kazini anakuangalia mpaka unajiskia vibaya. Funda la kwanza unapata malai, la pili unapata uchungu wa majani wenyewe, la mwisho ndo utamu, kikombe kimoja unakipitia ladha tatu. Mgeni anatarajiwa kunywa vikombe vitatu, ukitosheka unaweka kijiko ndani ya kikombe na mwenyeji anaacha kukumiminia, usipoweka kijiko basi utamiminiwa tu. Majani yenyewe ni mchanganyiko, mengi ni ya Assam kule India, na wachanganyaji wa hapa wanaweza kutia aina hadi 20 kwenye pakiti moja ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka. Ni nzito, ina kaladha ka kimea, inastahimili maziwa. Wanaipenda hivi kwamba mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia alijaribu kuipiga marufuku mwaka 1778 na baada ya kama miaka miwili akashindwa, watu waliendelea kuingiza chai kwa magendo.

Sasa twende kwa zile za ladha, hapo ndo nina maneno.

Ukiingia duka la chai huku unakuta ukuta mzima wa makopo, kila kopo na jina la ajabu, kuna ya vanila na karameli, kuna ya tufaha na mdalasini, kuna ya stroberi na malai, ukifungua kifuniko harufu inakurukia puani tamu mno, unasema leo nimepata. Unarudi nyumbani unaipika, harufu bado iko, unaweka mdomoni, hakuna kitu. Maji yana harufu. Shida ni kwamba ile harufu imepuliziwa juu ya majani, na majani yenyewe mara nyingi ni ya hali ya chini kwa sababu nani ataweka majani mazuri chini ya stroberi? Zile za matunda nyingi hata majani ya chai hazina kabisa, ni vipande vya tufaha vilivyokaushwa na maua ya rosela, na rosela ndo inayoleta ile rangi nyekundu na ukali wa kukunja uso. Sisi rosela tunaijua, tunaipika na sukari tunaiweka kwenye friji tunakunywa baridi na inakuwa tamu vizuri, hapa wanaikunywa moto bila sukari wakati wa mafua. Rooibos ya vanila nayo ni kichaka cha Afrika Kusini, haina kafeini, usiku inafaa na sina ubaya nayo, ila usiniambie nimekunywa chai.

Ziko za ladha ninazozipa heshima zao. Ile ya yasmini ya China, ya kweli, haipuliziwi kitu, wanalaza majani pamoja na maua mabichi usiku kucha mpaka majani yanavuta harufu, alafu wanatoa maua wanaweka mengine, wanarudia. Majani ya chai yanavuta harufu vibaya sana, ndo maana mzee wangu alikuwa mkali tukiweka chai kabati moja na sabuni. Earl Grey pia ikiwa imetiwa mafuta halisi ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, na majani yake ni mazuri ni chai nzuri ya jioni, bila maziwa tafadhali. Na kuna Lapsang Souchong, inatoka milima ya Wuyi huko Fujian, inakaushwa kwa moshi wa misonobari, ukiifungua kopo ni kama umeinama juu ya ng'onda aliyetoka motoni saa hiyo hiyo. Wenzangu kazini hawaiwezi. Mimi naipenda sana, jikoni la nyanyangu lilikuwa la kuni na naona pua yangu ilizoea mapema.

Lakini ladha ya kweli kwenye chai ni ile ya jikoni kwetu, na iko sababu, sio mapenzi peke yake. Sisi tunapika, hawa wanamwagia maji. Tangawizi unaiponda mbichi unaitia kwenye maji mapema ichemke kabla maziwa hayajaingia, ukiitia baada ya maziwa yatakukatikia mbele ya wageni. Alafu majani, alafu maziwa, iliki unaiponda na ganda lake unaitia karibu na mwisho ili isipotee yote kwa mvuke. Mafuta ya maziwa yanashika harufu ya viungo, ndo maana ukimeza ile iliki inabaki kooni, haiishii puani. Na majani yetu ya kawaida ya Kenya, zile punje punje, yanatengenezwa kwa mashine inayoponda, inayochana na kuviringisha jani likiwa bado bichi, kwa hivo yanatoa rangi na nguvu haraka, yanahimili kuchemshwa na maziwa na pilipili manga na kila kitu. Ukichukua Darjeeling ya India ya mavuno ya kwanza ukaipika hivo umeiua, ile jani ni laini, rangi yake ni kama ya asali nyepesi, inataka maji ambayo yameacha kutokota kidogo, dakika mbili tatu basi, bila maziwa bila sukari. Kila jani na mapishi yake.

Kuna kitu kimoja watu wa huku wanatushinda vibaya, nacho ni maji. Maji ya Ostfriesland ni laini, chai inatoka safi haina utando juu. Sisi Mombasa mnajua wenyewe, bomba linakauka wiki, kisima kina chumvi, ukipika chai na maji ya kisima hata ukitia iliki ya elfu moja itabaki na ule mchumvi. Mamangu alikuwa ananunua mtungi wa maji matamu kwa wale wa mikokoteni na ule mtungi ni wa chai na wa kunywa tu, kuoshea vyombo ujitafutie kwengine. Watu wanalaumu majani wakati tatizo ni maji, na mji wenye bandari kubwa hivo kukosa maji matamu kwenye bomba ni aibu ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena.

Na sasa nifike kwa linalonikera hasa. Mzee wangu alifanya kazi godauni la chai Shimanzi, Mombasa, miaka mingi, alikuwa anarudi nyumbani nguo zikinukia majani, hadi mifukoni. Chai nyingi ya Afrika Mashariki inapita pale, sio ya Kenya peke yake, ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Kongo, inauzwa kwenye mnada wa Mombasa, mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa 1969, na unauza kwa dola. Mzee alitwambia vile waonjaji wanafanya, vikombe vyeupe vimepangwa safu ndefu, mtu anapita na kijiko anavuta chai kwa kelele, anaizungusha mdomoni, anatema, anaenda kikombe kinachofuata, na kwa funda moja anakwambia hii ni ya wapi na bei yake iwe ngapi. Ujuzi huo upo Mombasa, barabara ya Nyerere, miaka na miaka. Lakini mtu wa Mombasa wa kawaida akienda dukani anaulizwa robo ama nusu, hakuna anayemuuliza anataka ya Kericho ama ya Nandi ama ya Kirinyaga.

Kenya ndo inayouza nje chai nyeusi nyingi kushinda nchi yoyote duniani, Pakistan peke yake inabeba mzigo mkubwa sana, na karibu yote inaondoka ikiwa kwenye magunia, inaenda kuchanganywa na zingine, ikifika kwenye rafu za Ulaya jina limeshapotea. Kilo moja mnadani miaka hii imekuwa ikizunguka dola mbili na kitu. Huku Leer gramu 100 za Darjeeling nzuri ya mavuno ya kwanza zinakutoa euro 10 na zaidi, gramu 100 tu, na kopo limeandikwa shamba, mwaka, mpaka mavuno ya majira gani. Najua Darjeeling ni jani zima lililochumwa na kuviringishwa kwa uangalifu na kwetu ni punje za mashine, sio kitu kimoja, silinganishi kijinga. Ninachosema ni kwamba milima yetu ina uwezo wa kutoa jani zima la hali hiyo na tayari linatoka. Niliona kopo limeandikwa Kenya GFOP Milima, hiyo GFOP ni daraja la jani zima lenye ncha za dhahabu, nikanunua papo hapo. Majani marefu meusi yenye ncha za dhahabu, ukiyamwagia maji yanafunguka taratibu, rangi ya shaba inayong'aa, ladha safi, changamfu, haina ule mchachuko wa kukwaruza ulimi, mwishoni kuna kautamu ambako sikutarajia kwenye chai kavu. Nilimpelekea yule bibi wa kijiko, akainywa bila Kluntje, akaniuliza inatoka wapi. Nikamwambia kwetu.

Alafu kuna ile ya zambarau. Hii ni aina iliyotolewa na watafiti wetu wa chai mwaka 2011, inaitwa TRFK 306, majani yake shambani ni ya zambarau kweli, na ina ile rangi inayopatikana kwenye zabibu nyeusi. Ukiipika ni nyepesi, ladha ya nyasi kidogo na matunda kwa mbali, ukikamulia ndimu rangi inageuka kuwa ya waridi mbele ya macho yako. Hakuna aliyepuliza kitu. Hawa wanaotafuta chai ya rangi na ladha wanaitafuta kwenye stroberi za maabara na iko Kirinyaga inachumwa kwa mkono na mama mwenye mtoto mgongoni. Nauliza marafiki zangu Mombasa nani ameshaionja, kimya. Wengi ata hawajaiskia.

Kuhusu maisha kwa jumla, watu wananiuliza huku na kwetu wapi kuzuri, mimi nasema inategemea saa ya chai. Huku chai ina heshima ya muda, watu wanakaa, simu pembeni, lakini lazima ualikwe, jirani hagongi mlango tu akasema nimepita nikanusa iliki. Kwetu unakunywa wima kibandani, viazi karai mkono mmoja, lakini hunywi peke yako, na huondoki nyumba ya mtu bila kuulizwa umekunywa chai. Hilo la pili ndo linanikosesha raha siku za mapumziko, hasa Novemba ikifika na saa kumi jioni kumeshaanza giza.

Ombi langu ni kwa nyinyi mnaofungua mikahawa ya kisasa Nyali na Bamburi. Nilipokuja likizo niliagiza chai mkahawa mmoja mzuri, nikaletewa kipakiti cha kamba chenye jina la Kiingereza kutoka Ulaya, na chai za staili hiyo kwa kawaida zina majani ya Kenya ndani yake, yaani inawezekana kabisa yaliondoka bandari ya Kilindini kwa gunia yakarudi kwa kijisanduku, na mimi nalipa tiketi zao zote mbili. Kahawa mnaiandikia menyu nzima, imetoka wapi, imekaangwa vipi. Iandikieni na chai ukurasa mmoja. Jani zima la Kericho, la Nandi, la zambarau la Kirinyaga, birika dogo, maji matamu yaliyochujwa, na jina la kiwanda kando ya bei. Wekeni na chai ya tangawizi ya kupikwa kwa sufuria, sio unga. Desemba nikija nitalipa bei ya kahawa bila kulalamika, na nitaleta watu.