Mzee Apimwe kwa Kazi Aliyoizoea

Katika vijiji vyetu vya Newala na Tandahimba, mzee akianza kupotewa na hesabu za korosho, watu wa nyumbani husema ni umri tu, kijana mmoja hukabidhiwa stakabadhi zake, na mambo huishia hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapopoteza nafasi, kwa kuwa demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, haianzi siku mtu anapomsahau mwanawe. Mabadiliko katika ubongo hutangulia kwa miaka mingi, na dalili za awali aghalabu huonekana katika shughuli zinazodai kupanga mambo kadhaa kwa pamoja.

Kusahau namba ya siri ya simu hakunitishi, maana hata vijana wanazisahau. Ninayemtilia shaka ni mkulima aliyepulizia salfa mikorosho yake tangu ujana, ambaye msimu huu anarudia safu aliyoimaliza asubuhi, au anayeuliza makato ya chama cha msingi cha ushirika kinachouza korosho zake, akajibiwa, kisha baada ya kitambo kidogo akauliza upya kana kwamba hakuna aliyemjibu. Vivyo hivyo kwa mcheza bao hodari ambaye sheria zote bado anazo kichwani, lakini hawezi tena kukadiria kete zake zitaishia shimo lipi. Mzee alinganishwe na alivyokuwa yeye mwenyewe miaka michache iliyopita, si na jirani yake.

Vipimo vingi vya hospitali humtaka mtu achore saa au aandike sentensi, na bibi ambaye hakupata kukaa darasani atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Jawabu limeshapatikana humu humu nchini: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikijaribu kipimo kiitwacho IDEA, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Ningependa kila zahanati ya Mtwara na Lindi iwe na mhudumu anayejua kukitumia.

Hata hivyo, tusikimbilie kuhukumu. Asiyesikia vizuri hawezi kukumbuka alichoambiwa, na sonona, upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Anayechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja vihatarishi 14, vikiwemo presha, kisukari, uziwi na uoni hafifu usiotibiwa, likakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa.

Kwa hiyo anayemsindikiza babu kupima presha katika hospitali ya Ligula, Mtwara, amweleze daktari, kwa faragha ili mzee asifedheheke, ni kazi gani iliyoanza kumshinda na tangu msimu gani, kisha aombe masikio na macho yake yapimwe pia.