Siku niliyombebea mama mkwe mlango

Fundi alitaka 15,000 kunifungia mlango wa bafu hapa nyumbani Isevya, Tabora, mi nikaona huo wizi wa mchana kweupe, bawaba mbili na skrubu 12 tu? Nikaenda dukani mwenyewe. Muuzaji kaniuliza kichwa bapa au duara, nikachukua duara bwana, zinang'aa zimetuna kama vifungo vya suti.

Bisibisi ya nyota sina, nina ile testa ya umeme, bapa. Na mlango ni wa mninga, mninga wa huku kwetu unaujua, haubembelezeki, na mimi sijatoboa hata kitundu cha kuanzia. Testa ikawa inateleza tu, kila ikiteleza inakula nyota, skrubu ya tano haina nyota tena ina kisima. Zilizobaki nikapiga nyundo kama misumari (usicheke, wote tumefanya).

Kuufunga sasa, mlango unarudi. Kumbe vile vichwa vinagongana ndani ya bawaba. Ukiuvuta kwa nguvu unafika, basi nikajisemea si umefika?

Jioni mama mkwe kashuka na treni kutoka Urambo, kaingia kuoga. Akavuta kwa nguvu, akatia komeo. Kutoka sasa, mlango unasukuma nje, komeo limebanwa halitoki. Nasikia sauti ya upole kabisa: "Baba, huu mlango mnaufunguaje?" Mke wangu kaenda dukani, niko peke yangu!

Nikamwambia mama vuta komeo, mi nasukuma huku. Nikasukuma kwa bega, komeo likatoka, na zile skrubu za nyundo nazo zikatoka zote, mlango mzima huo mikononi mwangu. Nikafumba macho. Nikaubeba hivyo hivyo umesimama, mama mkwe na kanga yake nyuma ya mlango, tukatembea taratibu hadi chumbani, yeye ananielekeza, "kushoto baba, kuna ndoo."

Asubuhi fundi kaja, kaokota skrubu moja kaitazama weee, kacheka. Akaziba matundu, akatoboa upya kwa drili, akapaka skrubu nta ya nyuki, za kichwa bapa, zikazama kwenye bawaba sawasawa. 20,000. Nimelipa kimya.

Mama mkwe bado yupo. Kila akitaka kuoga anamuuliza kwanza mke wangu, "Baba hajaugusa tena?"