Mtoto wa Mkuranga Ikulu ya Zanzibar

Uchaguzi ukikaribia, Unguja hayakosekani maneno ya "Wabara wametujaa". Ukivuka ukafika Kariakoo, utamkuta mwingine analalamika kuwa Wapemba wameshika maduka yote. Wote wawili nawauliza swali moja: Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa mtu wa wapi?

Alizaliwa Kivure, Mkuranga, mwaka 1925. Akapelekwa Unguja angali mdogo, akasoma Mangapwani, akakulia huko, akawa mwalimu. Aboud Jumbe alipojiuzulu mwaka 1984, mtoto huyo wa Pwani ya Bara ndiye aliyeshika urais wa Zanzibar. Mwaka uliofuata akavuka tena bahari kupokea kiti cha Nyerere. Minong'ono ya asili haikukosekana, na mwanawe Hussein, aliyeshika urais wa Zanzibar mwaka 2020, naye ameikuta, lakini Zanzibar haikuzama.

Angalia na upande wa dini. Mkatoliki alimwachia Mwislamu, naye akamwachia Mkatoliki Mkapa, na hakuna sheria iliyowalazimisha. Sensa yetu yenyewe haijauliza dini ya mtu tangu 1967, kwa hiyo wanaojigamba mitandaoni kuwa "sisi ndio wengi" wanapiga ramli tu.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa shwari muda wote. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Ilikuwa rahisi kwa rais Mwislamu, tena mswalihina, kukaa kimya au kuumauma maneno. Mwinyi alisimama akawaambia waumini wenzake kwamba anayetaka kula nguruwe na ale, asiyetaka aache. Jina lake la utani la Mzee Ruksa, yaani mzee wa kuruhusu kila kitu, watu walilitumia kumcheka, hasa kwa biashara holela na bidhaa za nje zilizofurika. Mimi kwenye suala la bucha naona ndiyo sifa yake kubwa.

Simpambi. Azimio la Zanzibar la 1991, la chama chake CCM, lililegeza miiko ya uongozi iliyowazuia viongozi kujiingiza kwenye biashara, na mpaka leo tunakula hasara yake. Lakini kuhusu unyenyekevu, sioni wa kumfananisha naye kwa urahisi. Machi 2009, akiwa na miaka 83, alikuwa akihutubia Baraza la Maulid ukumbi wa Diamond Jubilee, akagusia ukimwi na kondomu. Kijana mmoja akapanda jukwaani akamzaba kibao mbele ya halaiki. Kijana akaondolewa, mzee akaendelea na hotuba yake. Hebu fikiria leo kibao hicho kimpate mkuu wa wilaya tu, achilia mbali rais mstaafu. Mtaa mzima ungelala ndani.

Na kuna lile la miaka ya 1970, ambalo vijana wengi hawalijui. Watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe walifia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu, wala hakuwapo. Akajiuzulu. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba angerudi, sembuse kuwa rais. Tangu hapo tumesikia ya watu kufia vituoni mara ngapi, na mawaziri wangapi wameandika barua ya aina ile? Wakati tunalitafuta jibu, wanasiasa wetu wako majukwaani wanatuonyesha nani mwenyeji na nani wa kuja.