Wa Kwanza Kufika ni Mwenye Mtumbwi

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi ndio waliokuwa jirani, wakapiga makasia kuifuata. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba aliufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Abiria wakaanza kutoka. Kisha akaenda upande wa marubani. Ikajaribiwa kuvuta mlango wa dharura kwa kamba, kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia. Alizindukia hospitali. Watu 24 walipona, 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao.

Taifa lilimshangilia kijana yule, na alistahili. Akapewa fedha, Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mimi hadi leo akili yangu iko kwenye ile kamba. Mvuvi alifika kabla ya kila mtu, moyo anao, ziwa analijua, na alichokosa ni kamba isiyokatika.

Watu wengi wakisikia kwamba nchi ina chombo cha kushughulikia maafa hudhani ni jumba lenye magari mekundu na wazamiaji wamekaa tayari. Sivyo kinavyofanya kazi. Tanzania Bara ina Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Kazi kubwa ya idara ile ni kuratibu. Jambo likitokea, ndiyo inayohakikisha Zimamoto, Polisi na JWTZ hawapishani njiani, Msalaba Mwekundu unajua kambi ya waathirika iko wapi, madaktari na dawa wamefika, barabara inazibuliwa, na mahindi yanatoka kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Imewekwa chini ya Waziri Mkuu kwa sababu nzuri: wizara moja haiwezi kuiamuru wizara nyenzake, lakini Waziri Mkuu akipiga simu, wote wanapokea.

Sheria yenyewe imebadilika, na mabadiliko hayo yana maana. Ile ya 1990 ilihusu uratibu wa misaada. Jina lake tu lilikuambia fikra ya wakati ule: maafa yatokee, halafu tugawe blanketi. Ikaja ya 2015, kisha Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, na sasa msisitizo ni kujiandaa na kupunguza madhara kabla. Sheria hii inataka kamati za maafa kuanzia taifani, mkoani chini ya Mkuu wa Mkoa, wilayani chini ya Mkuu wa Wilaya, hadi kwenye kata na kijiji au mtaa. Kwenye karatasi, ngazi ya kijiji ipo. Nalisema hili kwa kuisifu sheria, maana walioiandika walijua mafuriko hayaanzii Dodoma.

Tena mfumo ukifanya kazi sawasawa, hauonekani. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilianza kutoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya siku kadhaa kabla hakijafika kisiwa cha Mafia. Taarifa zikatoka asubuhi na jioni, redioni na kwenye simu. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasitishwa, wavuvi wakavuta vyombo pwani. Kwa kizazi chetu kimbunga ni kitu cha kusikia Msumbiji au Madagaska. Ni wazee wachache mno wa Lindi waliobaki na kumbukumbu ya kile cha Aprili 1952. Hata hivyo watu walisikiliza. Mtu aliyelala nyumbani kwake badala ya baharini usiku ule hana habari ya kusimulia, na ndiyo maana kazi ya tahadhari haipati shukrani inayostahili.

Linganisha na Mlima Hanang, mkoani Manyara. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima iliyolowa maji iliporomoka, ikashuka na matope, mawe na magogo hadi Gendabi na mji wa Katesh. Waliokufa walifika 89. Baada ya hapo mfumo uliitika: jeshi, mitambo, kambi, chakula, mawaziri wakahamia Katesh. Lakini mlima ulipoanza kuunguruma, dakika zile za kukimbia au kubaki, zilikuwa mikononi mwa mtu na jirani yake.

Au Kariakoo, Novemba 16, 2024. Jengo la ghorofa nne likaporomoka asubuhi, maduka yakiwa wazi. Wafanyabiashara na wapita njia ndio walioanza kuchimbua zege kwa mikono. Vikosi vilipofika, kazi ikawa ya kitaalamu: vifusi vinatolewa polepole, maji na oksijeni vinapitishwa kwa waliobanwa chini huku wengine wakizungumza kwa simu na ndugu zao walio juu. Zaidi ya 80 walitolewa hai, 31 walifariki. Pale palikuwa katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini, na bado mikono ya kwanza ilikuwa ya wenye maduka. Sembuse kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ambako kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gatini. Kivuko cha abiria 101 kilizika watu 228. Wavuvi waliwahi, giza likaingia, uokoaji ukasimama hadi asubuhi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayasema bila kuzunguka: shilingi inayofuata ya maafa ishuke chini kabla ya kununua gari jingine la makao makuu. Mwalo wa wavuvi upewe kamba imara, maboya, tochi kubwa na mafunzo ya siku chache kila mwaka kutoka kwa askari wa Zimamoto wa wilaya. Kamati ya kijiji iwe na kipaza sauti, machela, na fungu dogo ambalo mtendaji hahitaji kuliombea barua tatu. Wataniambia vifaa vitaibiwa. Vingine vitaibiwa, ndiyo, kama vinavyoibiwa vingine vyote, na tunanunua tena.

Nasema hivi kwa sababu nimeona. Mtaa wetu uko bondeni, kando ya mto, Dar es Salaam. Usiku mmoja wa masika maji yalipanda saa nane, umeme umekatika. Nilichosikia kwanza ni sufuria. Mama mmoja anayeuza maandazi, ambaye huamka saa hizo kukanda unga, aliona maji mlangoni kwake akatoka na sufuria na mwiko, akawa anapita nyumba hadi nyumba akigonga. Hakupiga kelele ovyo. Kila mlango aliita kwa jina: "Baba Rehema, beba watoto, mto umetoka!" Alijua nani analala chumba cha uani asikoweza kusikia, na alijua kuna bibi asiyetembea kwenye nyumba ya mwisho. Vijana wawili wa bodaboda walimbeba bibi kwa kiti cha plastiki, maji yakiwa magotini. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Kaka, shika mguu huu wa kiti, usiachie." Sikuachia.

Hakuna mtambo wa serikali ungeweza kujua kwamba bibi yule yuko chumba kile. Ujuzi huo unakaa kwa mama wa maandazi, kwa mjumbe wa shina, kwa kinyozi wa kona. Ndiyo taarifa ya thamani kuliko zote usiku wa maafa, na kwa sehemu kubwa haijaandikwa popote. Siku mama yule akisafiri kwenda kwao Tanga, taarifa imesafiri naye.

Baada ya maji kupungua tulikaa kikao cha mtaa. Mwenyekiti akataka tuanze na risala ya kuomba msaada. Wazee wakamwambia iandikwe, lakini kwanza daftari. Tukanunua la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una wanaohitaji kubebwa: wazee, wagonjwa, mama wawili wajawazito, kijana asiyeona. Ukurasa wa pili una wenye kamba, ngazi, tochi, na bajaji inayoweza kuamshwa usiku. Mama wa maandazi ndiye aliyetaja majina, mimi nikaandika. La kwanza ni la bibi wa nyumba ya mwisho, na mbele yake yako majina ya watu wanne, mmoja kwa kila mguu wa kiti.