Asifunge Ukumbi Peke Yake

Wiki iliyopita mama anayetunza ukumbi wa jamii wa mtaani kwetu hapa Nakuru alivamiwa akifunga lango. Saa tatu usiku, mvua inanyesha, stima imepotea. Vijana watatu walichukua simu yake na ada za siku nzima, wakamwacha mkono umefura. Kesho yake kamati ikamwita. Swali la kwanza: pesa ilikuwa ngapi? La pili: kwa nini hakufunga mapema?

Maswali hayo mawili yameniuma kuliko wizi wenyewe. Hakuna aliyemuuliza kama amefika hospitali. Dawa alijinunulia mwenyewe.

Sitataja jina lake wala mtaa. Mzazi yeyote ambaye mtoto wake anacheza pale anamjua. Anafungua kabla akina mama wa chama hawajafika, anafagia, anapanga viti, anapokea ada za karate na kuziandika kwenye daftari, anawatenganisha vijana wanaogombania mpira, anamrudisha mlevi anayetaka kuingia kwa nguvu. Halafu usiku anazima taa na kufunga. Askari yupo, lakini ni wa mchana. Anatoka saa kumi na mbili jioni, na saa moja kasoro huku kwetu jua limeshazama. Yaani mchana, wakati ukumbi umejaa watu, kuna ulinzi. Giza likiingia na pesa ya siku iko mkobani, anabaki mwanamke mmoja na kufuli.

Ninachodai ni kitu kimoja: mtu asifunge ukumbi ule peke yake. Wawe wawili, kila jioni, bila kukosa. Mmoja anafunga, mwenzake anaangalia barabara simu ikiwa mkononi, kisha wanatoka pamoja hadi steji. Anayepanga kuiba huangalia kwanza idadi ya watu. Mlevi naye anayemtukana mama akiwa peke yake hupunguza sauti akiona kuna mtu wa pili anayesikia. Hata bila mwizi, mtu anaweza kuteleza kwenye ngazi zenye maji na kuvunjika mguu. Akiwa peke yake atalala pale mpaka asubuhi. Na lililo zito zaidi ni kwamba aliye peke yake hana shahidi. Akisema alitishwa, anaambiwa amezidisha. Pesa ikipungua, anashukiwa yeye. Mama huyu alishawahi kusema kuwa vijana fulani wanamtisha. Alimwambia mtu wa kamati kwa mdomo, ikaishia hapo, kwa sababu hakuna daftari la matukio na hakuna mwenzake aliyesikia.

Kamati inasema hakuna pesa ya kuajiri mtu mwingine. Haya, nakubali, ingawa pesa ya kupaka ukuta rangi kabla ya wageni wa kaunti kufika ilipatikana. Lakini hapa pesa si lazima. Askari wa mchana aingie saa sita au saba, atoke lango likishafungwa. Ni kusogeza saa zake tu. Mwalimu wa darasa la mwisho naye asiruhusiwe kuondoka na wanafunzi wake kabla ya kufunga. Iandikwe kwenye masharti ya kutumia ukumbi. Hayo mawili yanaweza kuanza kesho.

Mengine nayasema kwa ufupi. Ada zilipwe kwa M-Pesa kwenye nambari ya ukumbi, asibebe pesa taslimu. Langoni iwekwe taa ya sola. Kamera sizipingi, ila kamera haimwinui mtu aliyekwisha kuangushwa.

Wapo wanaosema sheria haiwabani kwa sababu ukumbi una wafanyakazi wachache. Ni kweli Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini wajibu wa mwajiri kumlinda mfanyakazi wake haukuwekewa idadi. Unamhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri apeleke taarifa ya maandishi kwa afisa wa usalama kazini ndani ya siku 7 mtu akiumia kazini. Mwaka huo huo wa 2007 ilipitishwa na ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, inayomtaka mwajiri awe na bima. Naiuliza kamati yetu: taarifa imepelekwa? Bima ipo?

Nakuru tunajivunia ndondi. Philip Waruinge alitoka hapa, akarudi na shaba ya Olimpiki ya Mexico 1968 pamoja na kombe la Val Barker, linalopewa bondia bora wa Olimpiki, kisha fedha ya Munich 1972. Tunawasimulia watoto hayo mpaka leo, na ni haki. Lakini mtoto hajifunzi ndondi kwenye ukumbi uliofungwa, na wa kuufungua ni watu kama mama huyu, ambao hakuna anayewasimulia. Akichoka akaacha, ukumbi utaanza kufungwa saa kumi na mbili. Wasichana ndio watakaoacha kuja kwanza, kwa sababu wengi wao hupata nafasi baada ya kazi za nyumbani.

Najua waliomvamia nao ni watoto wa mtaa huu, hawana kazi, na hilo lina mjadala wake. Mama huyu naye ni mtu wa mtaa huu.

Mkutano wa kamati mzazi yeyote anaruhusiwa kuhudhuria. Nitakwenda kudai ratiba mpya ya zamu, iliyoandikwa, yenye majina mawili kila jioni, na mama alipwe gharama ya matibabu na simu. Wazazi wa karate, wa mpira wa vikapu na akina mama wa chama, naomba tufike mapema tujaze viti vya mbele.