Kijiji kizima kinajua tabaka lako, ofisi inataka ushahidi

Katika vijiji vingi vya India hakuna haja ya kumuuliza mtu ni wa tabaka gani, lile la kuzaliwa nalo. Jina la ukoo linasema, mtaa anaokaa unasema, na kisima ambacho babu yake alikatazwa kuchota maji pengine bado kipo palepale. Mwenye duka anajua, mwalimu anajua, na anayetafutiwa mwanawe mchumba ndiye anayejua kuliko wote. Lakini mtoto wa nyumba hiyohiyo akitaka kuomba nafasi ya chuo iliyotengwa kwa ajili ya watu wake, anaambiwa athibitishe. Alete karatasi. Na karatasi inayotakiwa mara nyingi ni ile ambayo ukoo wake haukuwahi kupewa, kwa sababu ya tabaka hilohilo analotakiwa kulithibitisha.

Sina ugomvi na cheti chenyewe. Nasema hivi mapema kwa sababu kila mjadala huu unapozuka, hujitokeza mtu wa kudai kwamba India ingeachana na vyeti vya tabaka basi ubaguzi nao ungeondoka. Ugomvi wangu ni na namna mwombaji anavyopokelewa dirishani: kama mtuhumiwa wa udanganyifu mpaka atakapojisafisha, na kwa nyaraka za watu ambao walikuwa hawaandikwi popote.

Kinachogombewa si kidogo. Katiba ya India iliyoanza kutumika mwaka 1950 ilipiga marufuku utengwaji wa watu waliohesabiwa kuwa najisi, kisha ikaagiza yatangazwe majina ya matabaka na makabila yatakayolindwa, jimbo kwa jimbo. Wadalit, yaani hao waliohesabiwa kuwa najisi, waliomo kwenye orodha wanatengewa asilimia 15 ya ajira na nafasi za vyuo vya serikali kuu, Waadivasi, yaani watu wa makabila hayo, asilimia 7.5. Mwaka 1990 serikali ya V. P. Singh ikatangaza asilimia 27 nyingine ya ajira kwa matabaka mengine yaliyobaki nyuma. Maandamano yakalipuka, wapo wanafunzi waliojichoma moto barabarani, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ikaupitisha mpango kwa masharti. Kwa sensa ya 2011, Wadalit na Waadivasi peke yao walikuwa zaidi ya watu milioni 300. Kwa kila mmoja wao, nafasi ya chuo, nafuu ya ada, posho ya masomo na miaka mitano ya ziada kwenye ukomo wa umri wa kuomba kazi serikalini vinapita kwenye karatasi moja yenye muhuri.

Ukiusoma utaratibu wenyewe utaona ni mwepesi. Unaomba mtandaoni au kwenye kibanda cha huduma, unaambatanisha kitambulisho cha Aadhaar, kadi ya mgao wa chakula, hati ya kiapo, na cheti cha kuacha shule cha baba au babu chenye tabaka limeandikwa. Ofisa wa ardhi na kodi wa kijiji, ambaye kaskazini wanamwita patwari na kwenye jimbo la Maharashtra wanamwita talathi, anatoa taarifa yake. Faili linapanda kwa tahsildar, tuseme kama ofisa tarafa wa kwetu, au kwa mkubwa wake, naye anatia saini. Waafrika Mashariki waliosoma Pune, mji wa Maharashtra, wanaijua vizuri foleni ya kuandikishwa wageni. Basi hii ni foleni nyingine, ya wenyeji, na nje yake dalali hakosekani.

Tazama tu lile sharti la cheti cha shule cha babu. Mdalit aliyefaa kuanza darasa la kwanza mwaka 1940, nani alimfungulia mlango? Na aliyebahatika kuingia, karani aliandika alichotaka. Wengine waliandikwa "Mhindu" basi, bila tabaka. Wengine waliandikwa jina la kazi yao, au jina la tabaka kwa tahajia ambayo haifanani na ya kwenye orodha ya serikali. Leo, miaka themanini baadaye, herufi moja ya yule karani inatosha kumrudisha mjukuu nyumbani.

Maharashtra ndiko mambo yalikokazwa zaidi. Mwaka 1994, katika kesi ya dada wawili waliojidai kuwa wa kabila la Mahadeo Koli, Mahakama ya Juu iliagiza kila jimbo liwe na kamati za kuhakiki madai ya namna hiyo. Maharashtra ikatunga sheria yake, na sasa cheti ni hatua ya kwanza tu. Baada yake kuna cheti cha uhakiki, na bila hicho cha pili cha kwanza ni pambo la ukutani. Huko lazima uonyeshe pia kwamba ukoo wako ulikuwa ndani ya jimbo tangu tarehe maalumu. Kwa Wadalit ni 10 Agosti 1950, kwa Waadivasi 6 Septemba 1950. Kwa makabila ya kuhamahama na yale yaliyoitwa ya wahalifu ni 21 Novemba 1961.

Hiyo ya mwisho nimeirudia mara mbili nikidhani sikuelewa. Mwaka 1871 Waingereza walitunga sheria iliyoandikisha jamii nzima kuwa wahalifu wa kuzaliwa, kuanzia mtoto mchanga hadi kikongwe, watu wa kuripoti polisi na kuomba ruhusa kabla ya kuondoka mahali. India huru iliifuta mwaka 1952, na jamii hizo zikaanza kuitwa "zilizofunguliwa". Kwa hiyo serikali inajua fika kwamba watu hawa waliishi njiani, ama kwa desturi ama kwa kufukuzwa. Wapo Vadar, wachonga mawe, waliofuata kazi popote penye barabara au bwawa linalojengwa, wakilala kwenye vibanda vya turubai kando ya mradi. Halafu serikali hiyohiyo inamwambia mjukuu wao: tuonyeshe familia yako ilikuwa na makazi ya kudumu wapi mwaka 1961. Anayehamahama athibitishe kwamba hakuhama! Sijui aliyeitunga kanuni hiyo aliwaza nini, ila sidhani kama aliwahi kukaa chini ya turubai.

Waadivasi nao wana yao. Pale nyaraka zilipoonekana hazitoshi, kamati zilitumia kipimo cha mfanano. Ofisa anamhoji mwombaji kuhusu miungu ya ukoo, ngoma za mavuno, mahari, jinsi ya kumzika marehemu. Kijana aliyezaliwa mjini, ambaye baba yake alihamia huko kwa ajili ya kazi ya reli au posta, anaulizwa wimbo ambao hata shangazi zake wameusahau. Akishindwa, si kabila. Kwa maneno mengine, serikali iliyotumia miaka sabini kuwahimiza Waadivasi wasome na waingie mjini inamwadhibu aliyetii. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023, katika kesi iliyofunguliwa na jumuiya ya Wathakur wa Maharashtra, kwamba kipimo hicho hakiwezi kuwa mwamuzi peke yake, na kwamba nyaraka za kabla ya Katiba zina uzito mkubwa zaidi. Vizuri. Lakini wangapi walikuwa wameshapoteza kiti cha udaktari kabla ya hukumu hiyo?

Kisha kuna mipaka, na hapa linaingia jambo linalotugusa wa pwani ya Afrika Mashariki. Wasiddi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Mababu zao walivushwa bahari kwa karne nyingi, wengi wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Huko Karnataka, kwenye misitu ya Uttara Kannada, waliingizwa kwenye orodha ya makabila mwaka 2003. Wenzao wa wilaya jirani za Belagavi na Dharwad, ndugu wa damu waliotenganishwa na mstari wa ramani, walisubiri hadi 2020. Gujarat inawatambua Wasiddi wa wilaya sita za rasi ya Saurashtra, ikiwemo Junagadh. Lakini Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor ambako Wasiddi wa Gujarat yote huenda kuzuru, iko wilaya ya Bharuch, nje ya hizo sita. Msiddi wa Junagadh akienda kuzuru huko anakutana na binamu mwenye sura ileile na mizimu ileile, ambaye kwa serikali si wa kabila.

Na si Wasiddi tu. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 1990 kwamba anayehama jimbo hahami na hadhi yake: unaweza kuzaliwa Mdalit Andhra Pradesh, ukahamia Mumbai, ukakuta nafasi zilizotengwa za Maharashtra si zako. Hoja ya kisheria ipo, kwamba orodha hutungwa kwa kuangalia hali ya kila jimbo. Lakini mwenye nyumba wa Mumbai anayekunyima chumba akishasikia jina lako la ukoo haangalii orodha ya jimbo gani.

Suala la dini ndilo linaloonyesha kwamba orodha ni siasa pia. Amri ya 1950 iliyotangaza orodha ya Wadalit ilisema Mdalit ni Mhindu tu. Masingasinga wakaongezwa 1956. Mwaka huohuo, tarehe 14 Oktoba, Dakta B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba yenyewe, aliingia dini ya Buddha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi, na kwa hatua hiyo wakawa wametoka kwenye orodha ya taifa. Wabuddha walirudishwa 1990. Wadalit Wakristo na Waislamu hadi leo wako nje. Novemba 2024 Mahakama ya Juu ilimkatalia mwanamke mmoja wa Puducherry aliyeombea cheti kama Mhindu, ikisema ushahidi unaonyesha yeye ni Mkristo anayesali kanisani. Ubatizo, kwa hesabu hii, unafuta tabaka. Kwa nini basi zipo sehemu za kusini ambako Wakristo Wadalit wana makaburi yao ya pembeni? Cha ajabu, orodha ya makabila haina sharti hilo, ndiyo maana Wasiddi wa Uttara Kannada, wawe Wakatoliki, Waislamu au Wahindu, wote ni kabila moja mbele ya sheria. Kumbe inawezekana.

Kuna na watoto wa mama. Kawaida tabaka huhesabiwa kwa baba. Mwaka 2012 mahakama ilikubali kwamba mtoto wa ndoa ya mchanganyiko aliyelelewa katika jamii ya mama yake na kubaguliwa kama wao anaweza kuhesabiwa wa kwao. Ofisini hukumu hiyo hufika kwa mwendo wa kobe. Rohith Vemula, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Hyderabad, alijiua Januari 2016, na kabla machozi hayajakauka wakubwa walishaanza kubishania kama alikuwa Mdalit kweli, kwa kuwa mama aliyemlea ni wa Mala, tabaka la Wadalit, ilhali baba ni wa tabaka lingine. Mwaka 2024 polisi wa Telangana walitaka kulifunga jalada lake wakisema hakuwa Mdalit. Kelele zilipopigwa wakaahidi kuchunguza zaidi. Mtu amekufa, na cheti chake bado kinakaguliwa.

Najua jibu la ofisi: waongo. Ni kweli wapo, na wameiba nafasi za watu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema anayepatikana na cheti cha uongo apoteze kazi au shahada aliyoipata, hata kama ameshatumikia miaka mingi, na mimi naunga mkono. Lakini mwongo ndiye asiyesumbuliwa na masharti ya karatasi, maana ana pesa ya kuzitengeneza. Mlolongo ukirefushwa, anayekwama ni mama wa kibarua anayepoteza ujira wa siku kila anapoambiwa njoo kesho.

Na wale wanaosema cheti ndicho kinachouhuisha ubaguzi, niwaulize tu: wanaoshushwa kwenye mashimo ya majitaka katika miji ya India, wengi wao Wadalit, ni nani aliwahi kuwadai cheti cha tabaka kabla ya kuwapa kazi hiyo?

Yapo yanayoweza kufanyika bila kugusa Katiba. Baba akishahakikiwa na kamati, mwanawe asianze upya. Majaji wa Mumbai wameshalisema hilo zaidi ya mara moja, na bado ndugu wa tumbo moja wanapata majibu tofauti kwenye kamati moja. Pia vitabu vya zamani vya kodi ya ardhi na daftari za shule viko mikononi mwa serikali. Basi serikali ndiyo ivitafute, si mwombaji ahonge mtunza stoo. Na pale ambapo karatasi haiwezi kuwapo kwa sababu za kihistoria zinazojulikana, kama kwa wale wa 1961, ushahidi wa majirani na wazee wa jamii upewe uzito wake. Majirani hawajawahi kukosea pale walipokuwa wakimzuia mtu kisimani.

Aprili 2025 serikali kuu ilitangaza kwamba sensa ijayo itahesabu matabaka yote, jambo ambalo halijafanyika tangu 1931. Karani wa sensa atabisha hodi, atauliza tabaka, ataandika atakachoambiwa, hatadai cheti cha babu. Takwimu za kugawia nchi nzima zitajengwa juu ya neno la mwenye nyumba. Mwenye nyumba huyohuyo, Jumatatu inayofuata, atakuwa kwenye foleni ya tahsildar na faili la mwanawe.