Hakikisho bovu halifutwi kwa hasira

Kuna ushauri unapokezanwa na waandika programu hapa Unguja, na unaniudhi kwa kweli: PostgreSQL, ile programu ya kanzidata, ikianguka na ujumbe wa TRAP: failed Assert, futa mstari wa Assert kwenye msimbo, kompaili upya, endelea na kazi. Jamani, hapana.

Hakikisho, yaani huo mstari wa Assert, ni kauli ya aliyeandika msimbo kwamba hapa mambo hayawi vyengine. Likishindwa, ama msimbo umekosea ama kauli yenyewe ndiyo iliyokosea, na hilo huthibitishwa kwa hoja (query) iliyoangusha seva.

Chukua SELECT FROM karafuu. Bila safu hata moja. Tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014 hoja hiyo ni halali: jedwali likiwa na magunia 300 ya Wete, unapata mistari 300 mitupu. Sasa tuseme umeongeza msimbo wako kwenye kichanganuzi, sehemu inayosoma hoja, na ndani yake mna Assert(orodha != NIL), yaani orodha ya safu si tupu. Hapo hakikisho ndilo bovu, na litoke. Lakini soma mistari ya chini yake! Mara nyingi utaikuta linitial(orodha), inayochukua safu ya kwanza kwa kuamini kwamba ipo. Ukiiacha, seva ya kazini, ambayo kwa kawaida hukompailiwa bila mahakikisho, itagusa kumbukumbu isiyokuwepo na mchakato utakufa kwa ishara 11. Haufi peke yake: postmaster, mchakato mkuu wa seva, hukata miunganisho yote na kuanza kurejesha kanzidata. Karani wa Mkoani aliyekuwa katikati ya kuingiza mizani anapoteza muamala wake kwa hoja ya mtu wa Malindi asiyemjua.

Kwa hiyo fungua gdb, chombo cha kusaka hitilafu, andika bt, uone kazi ipi iliita ipi. Punguza hoja mpaka ibaki fupi kabisa. Tazama git blame, inayoonyesha nani aliandika mstari na kwa badiliko lipi, ujue kauli ile ililinda nini. Kisha ishughulikie orodha tupu kwa if, ndipo ufute. Tia hoja kwenye src/test/regress/sql na matokeo yake kwenye expected, uendeshe majaribio kwa make check mara mbili: kwa --enable-cassert, chaguo la kukompaili linalowasha mahakikisho, na bila yake.

Ni kweli, mahakikisho hupunguza kasi. Basi andika SHOW debug_assertions kwenye seva ya kazini, na ikijibu on (mahakikisho yamewashwa), badilisha toleo ulilokompaili, usiguse msimbo.

Na usitie kazi ndani ya hakikisho. Assert(chukua_neno() > 0) hutoweka yote kwenye toleo la kawaida, na neno halichukuliwi.

Ujumbe wa badiliko ubebe hoja yenyewe na sababu ya uhalali wake, asije mwengine baada ya miaka 5 akaurudisha mstari ule akidhani ulisahauliwa.